Wimbo Niupendao: Sala ya Mwalimu wa Kwaya



Wapendwa wasomaji, mtu akiulizwa ni wimbo gani aupendao kuliko nyingine zote, aghalabu hutaja ule uliomfariji msibani, au ule aliokuwa akiimbiwa na mama yake. Ni nadra kumsikia Mtanzania akiutaja Wimbo wa Taifa. Tunausimamia kwa heshima, tunauimba shuleni na viwanjani, nao umezoeleka mno masikioni hata hatuusikii tena. Juma hili napenda kuwashirikisha sababu zinazonifanya niupende, nazo zote zimo katika historia yake.

Sababu ya kwanza ni unyonge wa chimbuko lake. Mwaka 1897 Enoch Mankayi Sontonga, Mxhosa, alikuwa akifundisha katika shule ya misheni ya Wamethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Alikuwa pia kiongozi wa kwaya, mhubiri mlei na mpiga picha. Aliwatungia wanafunzi wake nyimbo, akiziandika katika daftari. Mojawapo ilikuwa Nkosi Sikelel' iAfrika, ubeti mmoja na kiitikio kwa lugha ya Kixhosa, ukimwomba Mwenyezi Mungu alibariki bara hili. Wakati huo mataifa ya Ulaya yalikuwa yamekwisha kugawana Afrika, na katika mji ule wa dhahabu Mwafrika alihesabiwa kuwa nguvu za mikono tu. Mwalimu huyo hakuwa na jeshi wala kura. Alikuwa na kwaya.

Mwaka 1899 wimbo uliimbwa hadharani kwa mara ya kwanza, katika ibada ya kumweka wakfu mchungaji mmoja wa Kimethodisti. Sontonga alifariki dunia mwaka 1905, angali kijana wa miaka 30 na ushei, wala hakuwahi kuuona wimbo wake ukichapishwa. Husimuliwa kwamba mjane wake aliuza haki za wimbo ule kwa peni sita.

Sababu ya pili ni jinsi ulivyoenea. Haukusukumwa na serikali yoyote. Ulibebwa na vinywa vya watu walioupenda. Kwaya ya shule ya Ohlange, iliyoanzishwa na John Dube, iliuimba ilikokwenda. Tarehe 8 Januari 1912, wajumbe walipokutana Bloemfontein kuasisi chama ambacho baadaye kiliitwa ANC, waliuimba baada ya sala ya kufunga mkutano. Mwaka 1923 mwandishi Sol Plaatje aliurekodi mjini London, na mwaka 1925 ANC iliutwaa uwe wimbo wa kufungia mikutano yake. Mshairi Samuel Mqhayi aliuongezea beti 7, uliochapishwa zikiwamo mwaka 1927. Hivyo wimbo wa shule ukawa sala ya watu wengi, na kila aliyeupokea aliongeza jambo la moyoni mwake.

Sababu ya tatu yatuhusu sisi. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, ilichagua tuni hiyo kwa maneno ya Kiswahili. Tazameni mpangilio wa beti zake: ubeti wa kwanza unaiombea Afrika, na wa pili ndio unaoiombea nchi yetu. Taifa changa, lenye mahitaji yasiyo na idadi, lilianza kwa kuwaombea jirani. Wala hayakuwa maneno ya adabu tu. Siku ile Kenya, Uganda, Malawi, Zambia na Msumbiji zilikuwa bado chini ya wakoloni. Baada ya Muungano wa mwaka 1964, jina la Tanganyika lilipisha jina la Tanzania, lakini mpangilio ule haukubadilika. Zambia nayo iliitwaa tuni hiyo mwaka 1964. Zimbabwe iliutumia wimbo huo tangu mwaka 1980 hadi 1994, na Namibia kwa muda mfupi baada ya uhuru wake wa mwaka 1990.

Sababu ya nne ndiyo nzito kuliko zote. Mwaka 1994 Afrika Kusini ililazimika kuamua itaimba nini. Kulikuwa na Nkosi Sikelel' iAfrika, na kulikuwa na Die Stem, wimbo wa dola ya ubaguzi, uliotokana na shairi la C. J. Langenhoven la mwaka 1918. Wengi katika ANC walitaka Die Stem itupwe. Nelson Mandela, aliyekaa kifungoni miaka 27 chini ya dola hiyo, alikataa. Alijua kwamba Makaburu waliupenda wimbo wao, na kwamba kumnyang'anya mtu wimbo wake ni kumwambia hana nafasi nyumbani. Mwaka huo nyimbo zote mbili zilitambuliwa, na mwaka 1997 zikaunganishwa kuwa wimbo mmoja wenye lugha 5.

Wapo hadi leo wasioridhika na uamuzi huo, nami siwalaumu. Aliyejeruhiwa hawezi kuamriwa aimbe kwa furaha wimbo wa aliyemjeruhi. Hata hivyo, naona hekima ndani yake. Hatulazimiki kuupenda wimbo wa mwenzetu. Lakini kuuliza kwa nini yeye anaupenda ni mwanzo wa kuishi naye.

Kaburi la Sontonga halikujulikana kwa miaka mingi. Waliolitafuta walifuata jina la ukoo, kumbe katika kumbukumbu za makaburi ya Braamfontein, mjini Johannesburg, alikuwa ameandikwa kwa jina la Enoch. Tarehe 24 Septemba 1996 Rais Mandela alizindua mnara wa ukumbusho mahali hapo, na kaburi likatangazwa kuwa urithi wa taifa. Mbegu ilikuwa imekwisha kuzaa mashambani mwa wengi kabla mpanzi hajakumbukwa.

Wapendwa, mtakaposimama tena kuuimba wimbo huo, uimbeni kama sala, maana ndivyo ulivyozaliwa. Tena juma hili, mkiwa mezani pamoja, kila mmoja ataje wimbo aupendao na sababu yake. Wazee waanze, na watoto wasikatizwe. Huenda mkasikia habari za mioyo ambazo miaka yote ya kukaa nyumba moja haikuzifunua.

Nawatakia juma lenye amani na baraka tele.