Daftari la Innerpeffray

Huko Uskoti, karibu na mji mdogo wa Crieff, kuna mahali panaitwa Innerpeffray. Mwaka 1680 bwana mkubwa wa hapo, David Drummond, aliandika wosia kwamba vitabu vyake vitunzwe kwa faida ya watu, hasa vijana wanaosoma. Akaacha na pesa za mtunzaji na za shule. Kuazima ilikuwa bure.

Kuanzia mwaka 1747 waliokopa vitabu waliandikwa kwenye daftari, na daftari hilo lipo mpaka leo. Utamu wa habari uko humo. Wanafunzi wamo, lakini pamoja nao kuna wafumaji wa nguo, waashi, wasaga unga, washona viatu, hadi watumishi wa nyumbani. Wanawake ni wachache. Mtu alisaini kwa mkono wake kuahidi kwamba atarudisha.

Sasa walisoma nini? Vitabu vya marehemu vilikuwa vya dini kwa sehemu kubwa, na vingine vilikuwa vya Kilatini na Kifaransa. Jamani, mfumaji wa kijijini afanye nini na Kilatini? Basi ukifungua kurasa za daftari unakuta mahubiri, mahubiri tena. Msomaji mwenye haraka atasema watu hawa hawakutaka kitu kingine. Kweli walikuwa watu wa dini, sibishi. Ila mtu huazima kilichopo kwenye rafu. Hili nawaambia hasa ndugu zetu wa mashirika mnaotuletea maboksi ya vitabu: kabla ya kuandika kwenye ripoti kwamba vijana wa kambi hawapendi kusoma, angalieni kwanza ndani ya boksi mlileta nini.

Maana Innerpeffray rafu ilibadilika. Mtu wa ukoo huohuo, Robert Hay Drummond, aliyekuwa Askofu Mkuu wa York, alijenga jengo jipya lililokamilika mwaka 1762, akaongeza vitabu vya historia na elimu ya viumbe. Mwaka 1769 William Robertson, mkuu wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, alitoa historia ya Mfalme Charles wa Tano. Ni kitabu kizito, cha juzuu kadhaa, si cha kusoma jioni moja. Kikawa miongoni mwa vilivyoazimwa sana kuliko vyote.

Kuazimisha kuliendelea hadi mwaka 1968. Jengo bado limesimama, na wapo wanaofika kutafuta saini za mababu zao kwenye daftari.