Macho Yaliyochelewa Kufunguka

Leo twataka kutafakari swali ambalo vijana wetu huuliza mara nyingi: Ikiwa mema na mabaya hupimwa na Mungu asiyebadilika, mbona watu wa zamani, hata waliosali sana, waliona ni halali kufanya mambo tunayoyachukia leo? Swali hili ni la haki, wala halifai kujibiwa kwa ukali. Na tulijibu kwa habari za Kanisa la Marafiki, yaani Quakers, tunaowajua vema hapa Kenya tangu wamisionari wao walipofika Kaimosi mwaka 1902.

Mwaka 1688, huko Germantown karibu na Philadelphia, Marekani, Marafiki wanne walitia sahihi barua ya kupinga utumwa. Siku zile Wakristo wengi, na Marafiki wenye mali miongoni mwao, walikuwa na watumwa Waafrika majumbani na mashambani mwao. Hoja ya wale wanne ilikuwa fupi na wazi: tumeagizwa kuwatendea wengine kama tupendavyo kutendewa sisi (Mathayo 7:12), basi ni nani kati yetu apendaye kuuzwa? Wahenga wetu nao walisema, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Barua ile ilipelekwa kutoka mkutano mdogo hadi mkutano mkubwa. Kila mahali ilionekana kuwa jambo zito mno. Mwishowe ikawekwa kando.

Katika miaka ya 1740, kijana mmoja, John Woolman, alikuwa akifanya kazi dukani huko Mount Holly, New Jersey. Tajiri wake alimwamuru aandike hati ya kumwuza mwanamke Mwafrika. Mnunuzi alikuwa mtu mzima kwa umri, mshiriki wa Kanisa lao. Woolman aliandika, kwa kuwa aliagizwa na mkubwa wake, lakini moyo ulimchoma, akawaambia wote wawili kwamba kumiliki watumwa hakupatani na dini ya Kristo. Baadaye alipoombwa na mtu mwingine kuandika hati kama hiyo, alikataa.

Tangu hapo alisafiri miaka mingi kuwatembelea ndugu waliokuwa na watumwa. Hakuwatukana. Aliketi nao, akasema nao kwa upole. Alipolala nyumbani mwao aliacha fedha kwa ajili ya watumwa waliomtumikia, maana hakutaka kula jasho la mtu bure. Mwaka 1758 mkutano mkuu wa Philadelphia uliteua watu, naye akiwamo, waende kusema na wenye watumwa. Woolman alifariki kwa ndui huko York, Uingereza, mwaka 1772. Mwaka 1776 mkutano ule ulikataza washiriki wake wote kumiliki watumwa.

Hebu tuhesabu. Tangu 1688 hadi 1776 ni miaka 88. Watoto walizaliwa utumwani, wakazeeka, wakazikwa, na huku barua imewekwa kando.

Je, haki ilibadilika katika miaka hiyo? La. Agizo lilikuwa lile lile. Macho ya watu ndiyo yaliyofunguka, nayo yalichelewa kwa sababu faida iliyafumba. Yule mwanamke aliyeuzwa hakuhitaji miaka 88 kujua kwamba alidhulumiwa. Anayeumia hulijua kosa mapema kuliko anayefaidika nalo.

Lakini dhamiri ikiamka, haiamki peke yake. Mwaka 1787 watu 12 waliunda kamati London kupinga biashara ya watumwa. 9 kati yao walikuwa Marafiki. Mwaka 1807 Bunge la Uingereza likaipiga marufuku, na mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja likafungwa.

Wapendwa, wajukuu wetu nao watatuuliza. Yupo yaya anayelala jikoni na kuamka kabla ya jogoo. Yupo kibarua anayeambiwa kila mwisho wa mwezi, "Ngoja kidogo." Tukitaka kujua kama tunatenda haki, tusiulizane sisi kwa sisi tunaofaidika. Tuwaulize wao, tena tuwasikilize mpaka mwisho. Na barua ikiletwa mbele ya baraza la kanisa letu, tusiseme ni jambo zito mno.

Mungu atufumbue macho mapema. Amina.