Vettriano alikopi, sawa. Na je?

Kuna mchoro labda umeshauona bila kujua ni wa nani. Wawili wanacheza dansi ufuoni, mwanamke kwa gauni jekundu, mchanga umelowa, na watumishi wawili wameshika miavuli. Unaitwa The Singing Butler. Jack Vettriano wa Uskoti aliuchora 1992.

Huyu jamaa hakusomea sanaa popote. Alizaliwa Fife 1951 akiitwa Jack Hoggan, akaacha shule mapema akaingia kazi ya migodi ya makaa ya mawe. Alipofika miaka 21, mpenzi wake akamnunulia rangi za maji. Shule yake ikawa jumba la sanaa la Kirkcaldy: anaenda anakodolea macho kazi za Peploe na McTaggart, anarudi nyumbani anaiga mabingwa wa zamani. Miaka na miaka! 1987 akaomba kusomea sanaa chuo kikuu cha Edinburgh, wakamkataa. Mwaka uliofuata akapeleka picha mbili kwa maonyesho ya Royal Scottish Academy, zote zikanunuliwa siku ya kwanza. Vettriano ni jina la ukoo wa mamake aliloliongeza herufi moja.

Sasa sinema ikaanza. The Singing Butler ilikuwa imekataliwa na Royal Academy ya London, lakini 2004 ikauzwa pauni 744,800. Mwaka uliofuata magazeti yakafichua kwamba wale wachezaji wametolewa kwa kitabu cha picha za mikao ya watu. Ati mwizi!

Hapo mimi nakataa. Hicho kitabu kilichapishwa ndio wachoraji wakitumie. Na ukikifungua hupati ule ufuo, wala lile anga zito, wala ile hisia kwamba umeingia katikati ya filamu na hujui nini kilitangulia. Hiyo ni yake.

Wakosoaji wana pointi moja nzito, na si ya kukopi: wanawake wake wengi wamechorwa kama vitu vya kutazamwa tu, visigino na soksi ndefu, sura moja. Mngebishana hapo ningewasikiliza. Lakini wengi walipendelea kucheka mtu wa mgodini ambaye mabango yake yananing'inia kwa sebule za watu wa kawaida. 2013 jumba la Kelvingrove, Glasgow, likamfanyia maonyesho makubwa, na zaidi ya watu 100,000 wakaingia.