Aliyeibiwa Jina: Historia ya Anime kwa Sikio la Mshairi

Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa mpenzi wa anime, yaani filamu na tamthilia za uhuishaji kutoka Japani. Kila ninapolitaja jambo hili mbele ya malenga wenzangu, jibu huwa moja: hayo ni ya watoto, tena ni ya macho; sisi watu wa lugha yanatuhusu nini? Makala haya ndiyo jibu langu. Nitaipitia historia ya sanaa hiyo kwa kuzifuata kazi ninazozienzi, za kale na za sasa, nikizisikiliza kuliko ninavyozitazama. Naona kuwa ndani yake imo historia nyingine, ya maneno: nani humfundisha mwenziwe kusema na kwa haki gani, jina la mtu huibiwa vipi, na shairi la zaidi ya miaka elfu laweza kufanya kazi gani kinywani mwa kijana wa leo. (Majina ya watu nimeyaandika kwa mpangilio wao, la ukoo likitangulia.)

Tuanze na neno lenyewe. Wajapani waliliazima neno la Kiingereza la uhuishaji, wakalitamka kwa silabi zao, kisha wakalikata mkia likabaki "anime". Kwao lina maana ya uhuishaji wowote, uwe wa Tokyo au wa Hollywood. Ni watu wa nje waliolifanya liwe jina la kazi za Japani peke yake. Filamu fupi za kwanza zilitoka mwaka 1917. Mojawapo, Namakura Gatana ya Kouchi Jun'ichi, ipo hadi leo: dakika chache za kichekesho kuhusu samurai aliyenunua upanga butu. Sinema za wakati huo zilikuwa bubu, na kando ya pazia alisimama msimulizi, benshi, aliyezipa picha sauti. Hivyo tangu asili picha hizo zilikuwa na mtambaji wake.

Filamu ndefu ya kwanza ya uhuishaji huko Japani ilitoka Aprili 1945, miezi minne kabla ya nchi hiyo kusalimu amri. Inaitwa Momotaro: Umi no Shinpei, na iliongozwa na Seo Mitsuyo kwa gharama ya Jeshi la Majini. Inamchukua shujaa wa ngano, mtoto aliyezaliwa ndani ya tunda la pichi, na kumkabidhi kikosi cha wanyama kinachoteka kisiwa cha bahari ya kusini. Kuna onyesho moja ambalo mpenzi wa lugha hawezi kulisahau. Wanyama wenyeji wamewekwa darasani, na askari wanawafundisha silabi za Kijapani: a, i, u, e, o. Darasa linavurugika, kila mnyama akilia mlio wake, mpaka muziki unapoingia na silabi zikageuka wimbo. Wimbo ni mtamu, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Hawa hawatiwi minyororo. Wanaimbishwa irabu za bwana wao hadi wazipende. Irabu zenyewe ni tano, zilezile tano za Kiswahili. Yeyote ambaye wazee wake walisomea katika shule ya mkoloni analitambua darasa hilo bila kutafsiriwa.

Miongoni mwa walioitazama filamu hiyo mjini Osaka alikuwamo kijana wa miaka 16, Tezuka Osamu. Ndiye ambaye tarehe 1 Januari 1963 aliileta kwenye televisheni Tetsuwan Atomu, mvulana wa chuma mwenye moyo wa binadamu, katika mfululizo uliofikia vipindi 193. Fedha zilikuwa haba na kila juma lilidai kipindi kipya. Studio yake ikapunguza michoro: uso ukatulia na mdomo peke yake ukacheza, na picha ya jana ikatumika tena leo. Wengi wameulaumu ubahili huo. Mimi nauona kama mshairi anavyoiona mizani: picha ilipofungwa, sauti ililazimika kubeba mzigo wa hisia, na toka hapo waigizaji wa sauti wakawa nguzo ya sanaa hii. Mwaka 1965 Tezuka alifuata na Jungle Taitei, kisa cha mwanasimba mweupe wa Afrika aitwaye Leo, jina ambalo kwa msikilizaji wa Kiswahili lina utani wake. Leo naye anawafundisha wanyama lugha ya wanadamu. Silisikii tena lile darasa la 1945 ndani yake, kwani hapa mwalimu ni mwenyeji, na shabaha yake ni amani. Hata hivyo swali la haki ya kumfundisha mwingine kusema halijafungwa.

Takahata Isao na Miyazaki Hayao walikutana wakiwa wafanyakazi wa Toei, kampuni iliyotoa mwaka 1958 filamu ndefu ya kwanza ya rangi, Hakujaden. Mwaka 1974 waliitengeneza pamoja Heidi, na mwaka 1985 wakaanzisha studio iitwayo Ghibli. Nisimame kidogo kwenye jina hilo. Miyazaki, mpenzi wa ndege za zamani, alilichukua kutoka ndege ya kijeshi ya Waitalia, nao Waitalia walilichukua kwa Waarabu wa Libya, ambako ni jina la upepo wa joto uvumao kutoka jangwani. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya "wa upande wa kibla". Basi kila anayelitaja jina la studio mashuhuri kuliko zote za Japani analitaja, bila kujua, neno ambalo Waswahili hulitumia kila siku wanapotandika msala. Maneno husafiri kama upepo, yakibadilisha nguo kila bandari.

Tarehe 16 Aprili 1988 studio hiyo ilitoa filamu mbili kwa tiketi moja. Ya kwanza, Tonari no Totoro, ni ya furaha, na jina la mnyama wake mkubwa limezaliwa na ulimi wa mtoto: Mei mdogo anajaribu kulitaja zimwi la kitabuni na silabi zinamponyoka. Ya pili, Hotaru no Haka ya Takahata, yaani "Kaburi la Vimulimuli", inasimulia watoto wawili waliobaki yatima baada ya mji wa Kobe kuchomwa kwa mabomu mwaka 1945. Takahata mwenyewe alinusurika shambulio la namna hiyo huko Okayama akiwa na miaka 9. Neno "hotaru" katika jina la filamu halikuandikwa kwa herufi yake ya kawaida. Limeandikwa kwa herufi zenye maana ya moto unaodondoka. Anayesikia, anasikia kimulimuli. Anayesoma, anaona bomu. Washairi wetu wa mafumbo wangeiheshimu kazi hiyo ya neno moja.

Kilele cha hoja yangu ni Sen to Chihiro no Kamikakushi ya Miyazaki, iliyotoka mwaka 2001, ikashinda Dubu wa Dhahabu mjini Berlin mwaka 2002 na Oscar mwaka 2003. Binti wa miaka 10 anaingia ulimwengu wa mizimu na kuomba kazi kwa mchawi Yubaba, mwenye nyumba ya kuogea. Anatia sahihi mkataba: Ogino Chihiro, herufi nne. Mchawi anainua mkono, herufi tatu zinabanduka karatasini na kumfuata kiganjani. Inabaki moja, ya "elfu", ambayo katika jina la binti husomwa "chi" na ikisimama pekee husomwa "sen". Tangu hapo anaitwa Sen. "Hiro" ni kipimo cha mikono miwili iliyonyoshwa, kile ambacho mabaharia wetu hukiita pima. Chihiro, basi, ni Pima Elfu, kina cha bahari. Mchawi amekinyang'anya kina na kumwachia tarakimu.

Mvulana Haku anamwonya kuwa akilisahau jina lake hataijua njia ya kurudi kwao. Yeye mwenyewe amelisahau lake. Mwishoni Chihiro ndiye anayemkumbusha: Haku ni mto Kohaku, uliofukiwa ili majengo yasimame juu yake. Kutaja jina kunamfungua. Nikiitazama sehemu hiyo nawakumbuka mababu walioandikwa upya kwenye daftari za mabwana wao, na mitaa iliyopoteza majina ya mito iliyopita hapo. Anayekupa jina jipya ili akutumikishe anajua anachokifanya.

Ushairi wenyewe umeingia katika anime kwa mlango wa mbele. Msomaji wa ukumbi huu atafurahi kujua kuwa tanka ni mistari mitano ya mizani 5, 7, 5, 7 na 7, jumla 31, bila vina. Sisi tuna kumi na sita kwa mshororo, nane za ukwapi na nane za utao, na vina ni lazima kwa walio wengi. Lakini vidole vinavyohesabu ni vilevile. Katika Kotonoha no Niwa, "Bustani ya Majani ya Maneno", filamu ya dakika 46 ya Shinkai Makoto iliyotoka mwaka 2013, mwanamke anakutana na mwanafunzi bustanini siku ya mvua, na wakati wa kuagana anamwambia tanka, kisha anaondoka. Tanka hilo ni swali. Limetoka katika Man'yoshu, diwani ya karne ya 8 yenye mashairi zaidi ya 4,500, na jibu lake limeandikwa mara tu baada yake. Kijana anachukua majuma mengi kulipata. Anapolitamka, ameshajua kuwa yule ni mwalimu wa fasihi ya kale aliyevunjwa moyo na wanafunzi wake. Sisi tuliokulia kwenye majibizano tunaelewa uzito wa shairi lisilojibiwa, na nafuu ya kujibiwa.

Mwalimu huyo anarudi katika Kimi no Na wa ya mwaka 2016, akifundisha neno la magharibi, "tasogare", lililotokana na swali la kale: "Ni nani yule?" Ni saa ambayo nyuso hazitambulikani. Wanafunzi wanauliza juu ya neno lao la kijijini, naye anajibu kuwa huenda lahaja yao imehifadhi maneno ya enzi za Man'yoshu. Mtu aliyewahi kusoma tenzi za Lamu akiwa na mzee wa Kiamu pembeni atatabasamu hapo.

Ninayoirudia kuliko zote, hata hivyo, ni Chihayafuru ya mwaka 2011, kutokana na kitabu cha picha cha Suetsugu Yuki. Vijana wanashindana kwa mchezo wa karuta, neno ambalo ni ndugu wa karata yetu: yote mawili yaliachwa na Wareno. Msomaji anaghani mashairi ya Hyakunin Isshu, mashairi mia ya washairi mia yaliyokusanywa na Fujiwara no Teika katika karne ya 13. Kadi zilizotandazwa sakafuni zina nusu ya pili tu. Mchezaji aliyehifadhi anaikamata kadi kabla shairi halijafika kati, na kwa mashairi saba silabi ya kwanza peke yake inatosha. Nimeona vijana wakitokwa jasho na machozi kwa ajili ya silabi moja.

Nimalizie na Violet Evergarden ya mwaka 2018, kisa cha binti aliyelelewa vitani ambaye kazi yake mpya ni kuwaandikia watu barua. Aliambiwa neno la upendo na mtu aliyempoteza, na hakulielewa. Barua za wengine ndizo zinazomfundisha. Tarehe 18 Julai 2019 studio iliyoitengeneza, Kyoto Animation, ilichomwa moto na watu 36 wakafa. Waliobaki waliikamilisha filamu ya mwisho ya kisa hicho, ikatoka Septemba 2020. Huwa siwezi kuitazama bila kuwahesabu wasiokuwepo.

Kati ya darasa la 1945 na barua za Violet ipo miaka 73. Mwanzoni silabi zilitumiwa kumfunga mtu. Mwishoni binti aliyefundishwa kuua anatafuta maneno ya kumfariji mgeni. Katikati lilirudishwa jina la mto, na tanka lilipata jibu lake. Mashairi hayo hayakudumu kwa kufungiwa makabatini. Yalidumu kwa sababu kila kizazi kiliyapa kazi ya kufanya: mchezo, swali la mapenzi, somo la lahaja. Tenzi zetu tumezihifadhi vizuri, na wachapishaji na wahakiki wanastahili shukrani. Swali ninalowaachia malenga wenzangu ni hili: ni kijana gani leo anayeweza kuukamata ubeti wa Kiswahili kwa kuisikia silabi yake ya kwanza, na sisi tumempa mchezo gani?