Kabla ya PlayStation, Nani Alitufungia Ndani?

Kila kijana wa Garissa amesikia haya maneno. Umeketi na simu, PUBG imefika mahali patamu, alafu mzee anapita: "Sisi tulikuwa tunacheza nje. Nyinyi mtaharibika macho." Na huwezi kumjibu, kwa sababu ni awowe wako na bakora iko mkononi.

Lakini wasee, tuongee ukweli. Hiyo "nje" ina historia yake, na kawaida tunapewa nusu tu.

Nusu tamu tunaijua. Mtoto wa mfugaji alikua porini. Wadogo walichunga mbuzi na kondoo karibu na boma, wakubwa wakaenda mbali na ngamia. Ilikuwa kazi kwanza, mchezo ukaingia katikati. Mifugo ikipumzika kivulini, watu walichora shax mchangani: wachezaji wawili, kokoto 12 kila mmoja, unatafuta kupanga tatu kwa mstari ili umwondolee mwenzako moja. Anayesema gemu ni za kizazi chetu tu hajawahi kuona wazee wawili wakigombania shax saa nzima.

Sasa nusu ile nyingine. Sheria za wakoloni, kuanzia ya 1902 hadi ya 1934, ziliifanya NFD eneo lililofungwa. Kuingia na kutoka ni kwa kibali. Uhuru ulikuja tarehe 12 Desemba 1963, na kabla mwezi uishe serikali mpya ikatangaza hali ya hatari Kaskazini Mashariki, kwa sababu ya vita vya Shifta. Wakati wa vita watu walikusanywa kwenye vijiji vyenye ulinzi, kutembea kukawa na masharti, mifugo mingi ikafa ama kuuawa. Mkataba wa kumaliza vita ulifikiwa Arusha mwaka 1967, lakini zile sheria za hatari zilibaki mpaka 1991. Hesabu mwenyewe. Karibu miaka 28. Mtu angezaliwa, akue, aoe na apate watoto wake, bado yuko chini ya sheria za vita.

Alafu ikafika Novemba 1980. Maafisa wa serikali waliuawa hapa mjini, na vikosi vya usalama vikawageukia raia. Mtaa wa Bulla Kartasi ukachomwa. Watu wakauawa, wanawake wakabakwa, na wakazi wakazuiliwa siku kadhaa bila chakula wala maji. Walizuiliwa wapi? Uwanja wa mpira wa Garissa Primary. Yaani mahali pa watoto kukimbiza mpira ndipo mji ulifungiwa, juani. Miaka mitatu na kidogo baadaye, Februari 1984, wanaume wa Wajir walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Manusura wanasema ni mamia kwa mamia.

Mtoto aliyekuwa na miaka 8 mwaka wa 1980 leo ni mzazi, pengine ashakuwa ayeyo. Ndiye huyo anayeita jina lako magharibi ikiingia, hata kama mko watano tu mbele ya duka. Unadhani ni mkali bure. Mimi nadhani mwili wake unakumbuka kitu ambacho mdomo haujawahi kusema.

Na sisi tukapata zamu yetu. Tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa. Kafyu ikaja, saa 12 na nusu jioni kila mtu ndani. Ukijua jua la Garissa, unajua jioni ndiyo saa ya mpira, kwa sababu mchana huwezi. Kwa hivyo kafyu ilikula saa yenyewe ya kucheza. Mwaka 2020 ikarudi tena na korona, nchi nzima. Na ile miti ya mathenge imemeza uwanja baada ya uwanja, miiba yake inapita kwenye sapatu kama hakuna kitu.

Najua mtasema watoto wa Nairobi na Mombasa pia wako ndani na hawakupitia haya yote. Ni kweli, simu ni tamu kila mahali. Na sitetei mtu anayekesha kwa FIFA alafu darasani analala. Ninachosema ni kwamba hapa kwetu mlango ulikuwa ushafungwa kitambo. PlayStation ilitukuta ndani ikatupatia kitu cha kufanya.

Ndiyo maana kelele ya "wacheni simu" peke yake haitoshi. Tukitaka watoto wa Garissa watoke, wang'oeni mathenge, wekeni taa kwenye viwanja, na mzazi awe na sababu ya kuamini kwamba mtoto akitoka saa 11 atarudi saa 1.

Na wewe una kazi wikendi hii. Okota kokoto 24, umwendee awowe ama ayeyo, umwambie akufundishe shax. Atakushinda, usijali. Mkimaliza, muulize polepole Novemba 1980 alikuwa wapi. Akitaka kuongea, weka simu yako irekodi.