Tiba ya jamaa kama mfumo: namna maasistenti wa kijamii wanavyofanya kazi na nyumba nzima

Mara nyingi jamaa inapoleta matata yake kwa wazee wa kanisa au kwa asistenti wa kijamii, inaleta mtu mmoja. Ni mtoto anayeiba, kijana anayekunywa, au mke ambaye amekataa kusema tangu waliporudi kutoka kambini. Wanasema: huyu ndiye anayetusumbua. Anashauriwa, anaombewa, anarudishwa katika nyumba ileile, na baada ya majuma mawili mambo yanaanza upya. Tiba ya jamaa kama mfumo ilizaliwa kutokana na hali kama hiyo. Haiulizi kwanza mtu huyu ana nini. Inauliza ni kitu gani kinachopita kati ya watu wa nyumba hii hata mzigo wote ukamwangukia mmoja.

Neno «mfumo» lilitoka katika elimu ya viumbe. Ludwig von Bertalanffy, mtaalamu kutoka Austria, alifundisha kwamba kitu kilicho hai hakieleweki kwa kukata vipande vyake na kuchunguza kila kimoja pekee, kwa sababu vipande vinategemeana. Ukigusa kimoja, vingine vyote vinajipanga upya. Jamaa iko vivyo hivyo. Mume anachelewa kurudi, mke ananung'unika, mume anachelewa zaidi ili asisikie manung'uniko, mke anaongeza sauti. Ukimwuliza kila mmoja atakuambia kwamba mwenzake ndiye aliyeanza, na kwa upande wake hasemi uongo. Ni mduara, nao hauna mwanzo.

Kazi ya msaada wa kijamii iliona jambo hili mapema kuliko madaktari. Mary Richmond, mmoja wa waanzilishi wa kazi hiyo kule Marekani, aliandika mwaka 1917 kitabu kikubwa juu ya namna ya kuchunguza hali ya mtu anayehitaji msaada, na alisisitiza kwamba mtu asichunguzwe mbali na jamaa yake. Waganga wa akili walifika huko katika miaka ya 1950. Gregory Bateson na wenzake wa Palo Alto, California, walichunguza namna watu wa jamaa wanavyosemezana, na Murray Bowen alilaza hospitalini jamaa nzima pamoja na mgonjwa wao. Virginia Satir, ambaye alikuwa mfanyakazi wa kijamii, alitoa mwaka 1964 kitabu chake juu ya kuwatibu mume, mke na watoto pamoja.

Lakini aliye karibu nasi zaidi, kwa maoni yangu, ni Salvador Minuchin, daktari aliyezaliwa Argentina mwaka 1921. Alifanya kazi New York katika shule ya Wiltwyck, iliyopokea wavulana kutoka mitaa maskini walioshindikana. Wavulana walitulia shuleni, na wakirudi nyumbani waliharibika tena. Basi yeye na wenzake wakaanza kuwaita mama, ndugu, na yeyote aliyelala chini ya paa lile. Walikuta nyumba ambamo hakuna mpaka kati ya wakubwa na wadogo, na nyingine ambamo mtoto wa kwanza ndiye mzazi. Kitabu chao juu ya jamaa hizo kilitoka mwaka 1967. Baadaye, huko Philadelphia, Minuchin na wenzake walifundisha watu wa mitaa maskini wasio na diploma ya chuo kikuu wafanye kazi ya kutibu jamaa, wakisimamiwa kwa karibu. Makanisa yenye mashemasi wengi na wanasaikolojia wachache yangefaa kulitazama jambo hilo.

Ivan Boszormenyi-Nagy, daktari kutoka Hungaria aliyehamia Marekani, aliongeza wazo ambalo mtu wa Kivu au Ituri analielewa bila kufundishwa: kila jamaa ina daftari la madeni lisiloandikwa. Nani aliteseka kwa ajili ya nani? Nani alilipa masomo ya nani? Nani hakuzikwa vizuri? Mtoto anaweza kulipa deni ambalo hakulikopa. Binti wa miaka kumi na miwili anayepika, anayelea wadogo na kumtuliza mama usiku anasifiwa na wote kwa utii, na hakuna anayeona kwamba utoto wake umekwisha. Kumpunguzia kazi tu hakutoshi. Inafaa kwanza wakubwa waseme mbele yake kwamba wameona aliyoyafanya.

Kwetu, neno jamaa halimaanishi baba, mama na watoto peke yao. Mjomba ana neno, shangazi ana neno, na waliopokea mahari hawajaondoka katika ndoa. Vita vimeongeza mengine: jamaa mbili chini ya paa moja kwa sababu wenyeji wamewapokea waliokimbia, nyanya anayelea wajukuu, baba aliye katika machimbo ambaye sauti yake inafika kwa simu tu. Ndiyo maana asistenti wa kijamii anaanza kwa kuchora. Mchoro wa kwanza ni jenogramu: mraba kwa mwanaume, duara kwa mwanamke, mstari kwa ndoa, alama ya msalaba ndani ya umbo kwa aliyekufa, mpaka vizazi vitatu. Mchoro wa pili ulibuniwa mwaka 1975 na Ann Hartman, mwalimu wa kazi ya kijamii huko Michigan. Nyumba inawekwa katikati, na kuizunguka wanachora shule, kanisa, kituo cha afya, kazi, majirani, mwenye nyumba. Mistari inaonyesha nguvu inatoka wapi na inapotelea wapi. Penye karatasi chache, watu wamechora chini kwa kijiti na kutumia mawe, na kazi inafanyika vilevile.

Tuchukue mfano, uliotungwa ili kuonyesha kazi yenyewe. Binti yatima wa miaka kumi na moja anakaa Goma kwa baba yake mdogo. Mtoto mchanga wa nyumba hiyo amekufa, baba mdogo amepoteza kazi, na sasa wanasema binti ni mlozi. Jambo la kwanza ni usalama: atalala wapi leo, na nani atahakikisha kwamba hapigwi wala hanyimwi chakula. Hapa sheria iko wazi. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inatoa adhabu ya kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu. Hata mchungaji haruhusiwi kulipita neno hilo.

Usalama ukiisha kupatikana, asistenti anakaa na wakubwa. Akianza kubishana nao kama ulozi upo au haupo, kikao kitaishia hapo. Anauliza maswali ambayo kikundi cha Milano, pamoja na Mara Selvini Palazzoli, kiliyaita ya mzunguko, yaani anamwuliza mmoja juu ya uhusiano wa wengine. Nani alikuwa wa kwanza kulisema neno hili? Kabla ya kifo cha mtoto, nani alikuwa karibu zaidi na binti huyu? Baba anapokaa nyumbani bila kazi, mama anaongea na nani? Kama binti angeondoka leo, ni matata gani yangebaki hapa ndani? Swali hili la mwisho huleta kimya kirefu, na kimya hicho kisivunjwe haraka. Mara nyingi kinachofuata ni kilio cha mtoto aliyekufa, kilio ambacho hakikupata nafasi kwa sababu hasira ilikipita.

Halafu kuna kazi ya miguu. Binti apelekwe kituo cha afya, maana kifafa na kukojoa kitandani vimewahi kuitwa ulozi. Shangazi wa upande wa mama atafutwe. Shule iombwe subira juu ya malipo. Mazungumzo mazuri katika nyumba isiyo na unga hayadumu. Hospitali ya Panzi huko Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 chini ya CEPAC, inashika neno hilohilo kwa wanawake waliobakwa: matibabu ya mwili, msaada wa moyo na akili, msaada wa sheria, na njia ya kujitegemea tena, vyote pamoja.

Njia hii ina hatari zake, na mojawapo inatuhusu sana. Ikiwa kila kitu ni mduara, je, mke anayepigwa naye ana sehemu katika kipigo? Katika miaka ya 1980 wanawake wenye kazi hii, miongoni mwao Michele Bograd na Virginia Goldner, waliwakosoa wenzao vikali juu ya jambo hilo, na walikuwa na haki. Anayepiga ndiye anayejibu kwa kipigo. Usimkalishe mke mbele ya mume anayempiga na kumwomba aseme yote, kwa kuwa atayalipia usiku. Mwone peke yake, jua kama kuna silaha nyumbani, jua atakimbilia wapi. Nasi tuna desturi ya kumwambia arudi kwake haraka ili ndoa isionekane imevunjika. Asistenti mzuri haingii katika haraka hiyo. Kuhusu ubakaji, sheria za tarehe 20 Julai 2006 hazikubali kesi izimwe kwa faini ya mapatano, hata wazee wa pande zote mbili wakiafikiana na mbuzi akichinjwa.

Hatari nyingine ni kuilaumu jamaa kwa ugonjwa. Wakati mmoja baadhi ya waganga wa akili walifundisha kwamba maneno ya mama yanaweza kuzaa skizofrenia, na wamama wengi waliumizwa bure. Fundisho hilo limeachwa. Lililobaki ni la kweli na lenye faida: mgonjwa anayerudi katika nyumba yenye lawama na ukali hurudiwa na ugonjwa upesi zaidi. Dawa ziendelee, na jamaa ifundishwe ugonjwa wenyewe ni nini.

Kikundi cha Milano kilikutana na jamaa karibu mara kumi tu, kwa kuacha kama mwezi mmoja katikati, kwa sababu badiliko linafanyika nyumbani zaidi kuliko kikaoni. Mwendo huo unawezekana hata pale ambapo njia ni mbaya na asistenti ni mmoja kwa eneo zima. Lisilowezekana ni kufanya kazi hii bila kutunza siri. Jenogramu ya watu haiachwi juu ya meza ya ofisi, na yaliyosemwa kikaoni hayatajwi katika kikundi cha maombi, hata bila jina, maana mtaani watu wanajua ni nyumba gani.