Umri wa Ulanzi na Umri wa Divai

Mtu atokaye Idodi akapanda nyanda za juu za Iringa wakati wa mvua huiona mianzi iliyofungiwa vyombo. Wagema huyakata machipukizi yake asubuhi na jioni, na maji yake hudondoka humo. Huo ndio ulanzi. Ukigemwa leo ni mtamu. Kesho una ukali. Siku zikizidi wageuka siki. Wazee huupima kwa ulimi.

Basi twastaajabu tukisikia kwamba Ulaya iko divai iwekwayo miaka 50, kisha ikauzwa ghali kuliko mpya. Je, uzee huo ni sifa ya kweli, au ni maneno ya wauzaji? Na tutazame habari za kale.

Warumi waliandika juu ya mitungi ya divai jina la mtawala wa mwaka ule. Mwaka 121 kabla ya Kristo, katika utawala wa Opimius, zabibu ziliiva vema mno, na divai yake ikasifiwa sana. Pliny, aliyekufa mwaka 79 baada ya Kristo, aliandika kwamba divai hiyo ilikuwapo hata zamani zake, nayo ina umri wa karibu miaka 200. Lakini ilikuwa nzito kama asali, tena chungu, hainyweki bila kuchanganywa. Hata hivyo bei yake ilikuwa kubwa. Wanunuzi walilipia jina.

Mwaka 1866 Mfaransa Louis Pasteur alitoa kitabu juu ya divai. Alionyesha kwamba vijidudu huiharibu, na kwamba hewa ikiingia kidogo kidogo huikomaza, ikizidi, huipoteza. Kwa hiyo mwonjaji hodari haulizi miaka tu. Hutafuta uchachu, utamu, na ule ukakasi utokao katika maganda na kokwa za zabibu. Divai yenye nguvu hizo huvumilia miaka mingi. Iliyo nyepesi yafaa inywewe mapema. Nao ulanzi, ukingwao katika vyombo vilivyo wazi, hauna subira hiyo.

Wahenga walisema: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Basi tusikihukumu kitu kwa umri wake wala kwa jina lake. Mzee amwagaye ulanzi uliochacha, ingawa ameununua kwa fedha yake, ana elimu ambayo matajiri wa Rumi waliikosa.